Fundi Anayegawa Nyumba

Nyumba kubwa ikigawanywa na mtu asiyeielewa, haianguki siku hiyo. Kwanza hutokea ufa mwembamba juu ya mlango mpya. Baadaye mlango unakataa kufunga, maji ya mvua yanapata njia kwenye ufa, na miaka ikipita watu husema nyumba imezeeka, kumbe ilikatwa mahali pabaya. Mimi ninaishi katika robo ya nyumba ya zamani katikati ya Kasenyi, karibu na soko, mahali ambapo upepo wa ziwa hufika na harufu ya samaki wanaoanikwa. Robo yangu ni kavu, ina ubaridi mchana na utulivu usiku, na yote hayo ni kazi ya fundi mmoja mzee aliyeigawa nyumba hii kwa familia nne. Nilimtazama akifanya kazi. Kazi ya aina yake haipati sifa kwa urahisi, maana ikifanywa vizuri haionekani, na ndiyo sababu nataka kuieleza polepole.

Nyumba kubwa kama hii ziliachwa na bandari. Tangu mwaka 1930 meli Robert Coryndon ilikuwa ikivuka Ziwa Albert kati ya Butiaba, upande wa Uganda, na Kasenyi hapa kwetu Kongo. Abiria na mizigo vilishuka hapa, kisha vikapanda ngazi ile ya milima kupitia Bogoro hadi Bunia. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 620 hivi, Bunia iko juu ya mita 1,200, na kila gunia lililokwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Kilo na Moto kwa njia hii ilibidi lipandishwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda, bandari ya Butiaba ikaharibika, na meli ile ikazama. Mwishoni mwa 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mali za wafanyabiashara wa kigeni zipewe raia, na maduka na nyumba nyingi za Ituri, eneo letu hili, zikabadilisha mikono. Halafu zikaja vita. Mwanzoni mwa 2018 maelfu ya watu wa mwambao huu walivuka ziwa kwa mitumbwi wakikimbilia upande wa Hoima, Uganda, na waliorudi walihitaji mahali pa kulala kabla ya kuhitaji kitu kingine chochote. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja yenye nafasi kubwa ya kupumua ikawa mali adimu, na kilicho adimu hugawanywa.

Fundi alipokuja mara ya kwanza hakuleta hata kamba ya kupimia. Alizunguka nyumba, akaingia kila chumba, akaomba ngazi na kupanda juu ya dari. Huko alikaa muda mrefu kuliko mwenye nyumba alivyopenda. Aliposhuka, nguo zikiwa zimejaa vumbi la popo, alisema anajua sasa paa limelala juu ya nani. Kenchi zote zilipumzika juu ya kuta mbili ndefu za nje na ukuta mmoja wa kati. Kuta nyingine zilizobaki zilikuwa za kutenganisha vyumba tu, hazikubeba kitu. Kwa macho ya mpangaji kuta zote zilifanana: plasta ileile, rangi ileile, hata unene uleule. Yeye alizigusa moja baada ya nyingine kwa kiganja na kuzitaja, huu unabeba, huu haubebi, na mwanafunzi wake, kijana mdogo, akachora msalaba wa mkaa kwenye zile zisizoruhusiwa kuguswa.

Baada ya hapo alichukua mwiko, akaugeuza, akaanza kugonga matofali kwa mpini. Tofali lililoiva vizuri hulia. Lililochomwa nusu, au lililolowa kwa miaka, hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Aligonga kuanzia usawa wa macho akishuka chini, na kila mahali sauti ilibadilika kwenye kimo kilekile, karibu na goti. Kuanzia hapo hadi sakafuni, mtu fulani zamani alikuwa amepiga plasta ya saruji, nene, laini, imepakwa rangi ya kijivu ili kuficha madoa. Ilionekana kama kiatu kigumu kilichovalishwa nyumba.

“Mwalimu,” aliniambia, “huyu aliyefanya hivi alitaka kusaidia.”

Akanieleza, na maelezo yake nimeyakuta baadaye katika kila maandishi mazuri kuhusu nyumba za kale, kwa maneno marefu zaidi. Tofali la kuchoma la nchi yetu ni laini na lina vinyweleo. Maji hupanda ndani yake kutoka ardhini, hasa hapa kwenye tambarare ya ziwa ambako maji hayako mbali chini ya miguu. Ukuta wa zamani ulijengwa kwa udongo na chokaa, vitu ambavyo huruhusu maji hayo kutoka tena kwa njia ya hewa. Ukuta unakunywa na kukauka, unakunywa na kukauka, na unaweza kuishi hivyo kwa muda mrefu sana. Ukiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na yanapokauka yanaacha chumvi ndani ya tofali. Chumvi hiyo inapoganda hupanuka na kulisaga tofali kutoka ndani. Alipotoa kipande cha plasta ile kwa tindo ndogo, nyuma yake tofali lilimwagika kama unga mwekundu kiganjani mwake. Saruji yenyewe ilikuwa nzima kabisa, haina hata alama.

Kutokana na hilo nilielewa kanuni inayoongoza mikono yake yote: kinachotumika kutengeneza kiwe laini kuliko kinachotengenezwa. Kama kuna nguvu ya kuvunja kitu, na nguvu hiyo lazima itakuja, ivunje kiungo, isivunje tofali. Kiungo hutengenezwa tena kwa mwiko na nusu siku. Tofali la zamani likipasuka halirudi. Mafundi wengi vijana wanafundishwa kinyume, kwamba kigumu ndicho kizuri, na siwalaumu sana, kwa sababu saruji inauzwa kila kona, inashika haraka, na mwenye nyumba anayelipa kwa siku anataka kuona ukuta mgumu jioni ileile.

Alitoa plasta yote ya chini, kipande kwa kipande, bila nyundo nzito. Akapiga mswaki mkavu, akafagia chumvi, akaitupa mbali ili mvua isiirudishe ardhini karibu na msingi. Halafu akaondoka. Ilikuwa Desemba, kiangazi kinaanza, na aliagiza ukuta uachwe wazi mpaka Februari. Mwenye nyumba alikasirika, mimi mwenyewe nilichoka kuishi na kuta zilizovuliwa nguo. Lakini ukuta ulikauka. Tuliona mpaka wa unyevu ukishuka, kwanza kutoka gotini, kisha ukakaribia sakafu, bila mtu yeyote kuugusa. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya ufundi inayostahili heshima kubwa kuliko zote, kwa sababu hakuna fundi anayelipwa kwa kusubiri.

Aliporudi alileta chokaa. Ng'ambo ya mpaka, Kasese, kuna mawe ya chokaa, na yeye hununua kile kilichochomwa lakini bado hakijazimwa, na kukizima mwenyewe ndani ya pipa. Ni kazi ya hatari: maji yanachemka yenyewe, mvuke unapanda, na tone likiingia jichoni ni balaa, kwa hiyo alimfukuza kila mtoto aliyesogea. Kilichobaki baada ya kuchemka hukichekecha na kukiacha chini ya maji kwa majuma kadhaa, kinenepe na kulainika. Hukichanganya na mchanga wa mtoni, sehemu moja kwa tatu. Mchanga wa ufukweni haukumpendeza, aliusugua kati ya vidole na kuumwaga, akasema punje zake ni za mviringo mno, hazishikani. Plasta yenyewe aliipiga kwa tabaka nyembamba, akilowesha ukuta kwanza, akiacha kila tabaka lishike kabla ya kuongeza lingine, na kuning'iniza magunia yaliyolowa mbele yake ili jua lisiikaushe kwa ghafla. Chokaa hugeuka jiwe tena kwa kuvuta hewa, na hewa haiharakishwi.

Ufundi huu haukuanzia kwetu. Nilipofika Unguja niliwaona wenzake wa fundi wetu, wazee wa Mji Mkongwe wanaojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Huko nyumba kubwa za wafanyabiashara zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na familia nyingi zikawekwa ndani yake, chumba hiki kwa hawa, ukumbi ule kwa wale. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hulazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haizidi sana mita 3. Mti wa mwituni ndio uliopima upana wa sebule. Weka choo juu ya dari ya namna hiyo, bomba livuje polepole ndani ya ukuta, na boriti itaoza kwenye ncha yake, pale ilipoingia ukutani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa 1985, na UNESCO ikauweka mji katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini kuvuja kwa bomba hakusubiri orodha. Hata jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883 wakati wa Sultani Sayyid Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Kuitengeneza nyumba ya kale ni kazi ya hatari kama kuijenga.

Wazungu nao walipita njia hiyohiyo. Katika miji kama London, Bath na Dublin zipo safu za nyumba za matofali na mawe zilizojengwa wakati wa wafalme wanne wa Uingereza waliofuatana kwa jina la George, kati ya 1714 na 1830. Watu leo hulipa fedha nyingi kupanga ghorofa moja tu ya nyumba hizo. Sheria ya ujenzi ya London ya 1774 ilizipanga nyumba za mji huo katika madaraja na kuamuru unene wa kuta za kila daraja. Lakini Dublin ilipoanza kuzigawa, haikuwa kwa ajili ya watu wenye fedha. Nyumba nambari 14 ya Henrietta Street ilijengwa miaka ya 1740 kwa familia moja ya kitajiri. Mwaka 1911 watu 100 walikuwa wakiishi ndani yake. Mwaka 1913 nyumba mbili za wapangaji katika Church Street, mji huohuo, ziliwaangukia watu na kuua 7. Leo nambari 14 ni jumba la makumbusho, na mafundi wanaozitengeneza nyumba za namna ile wanatumia chokaa laini, wakiondoa saruji ambayo waliowatangulia waliipaka kwa nia njema. Nikimwambia mzee wetu habari hizo hashangai. Huuliza tu matofali yao yalichomwa kwa kuni gani.

Nirudi kwenye ukuta wa kati, ule unaobeba, kwa sababu hapo ndipo nilipomwona katika uwezo wake wote. Familia mbili za nyuma zisingekuwa na njia ya kutoka kwenda barza bila kupitia chumbani kwa watu, kwa hiyo mlango mmoja ilibidi ukatwe kwenye ukuta huo. Mlango mmoja tu. Mwenye nyumba aliomba miwili, akapewa mmoja.

Lenta ilitangulia tundu. Aliimwaga chini, kwenye kivuli cha mwembe, zege na nondo, akaifunika kwa magunia na kuilowesha asubuhi na jioni kwa majuma matatu. Kisha akatoboa matundu madogo juu ya mahali mlango utakapokuwa, akapenyeza magogo mafupi ya mkaratusi kutoka upande mmoja wa ukuta hadi upande wa pili, na kila gogo akalisimamishia nguzo mbili, moja huku na moja kule, zikiwa juu ya mbao nene ili zisizame sakafuni. Chini ya kila nguzo alipiga kabari mbili zinazokutana. Alizipiga kwa nyundo ndogo, pigo moja hapa, pigo moja pale, akizunguka, akisikiliza. Hakuwa anainua ukuta. Alikuwa anausalimia tu, kuuambia kwamba kuna mikono mingine chini yake. Aliposikia kabari zote zinalia sauti moja, aliacha.

Baada ya hapo alitoa matofali, tofali moja kwa wakati, kuanzia juu. Hakupiga hata moja kwa nguvu. Alikata kiungo kwa msumeno wa zamani, akalitikisa tofali kama jino la mtoto, likatoka zima, na kijana akalisafisha na kulipanga pembeni, kwa sababu tofali la zamani ndilo mwenzake wa ukuta wa zamani na lingehitajika kumalizia kingo. Lenta ikainuliwa na watu wanne, ikakaa kwa urefu wa tofali zima kila upande. Uwazi uliobaki kati ya lenta na ukuta wa juu aliujaza kwa vipande vya matofali yaliyoiva mpaka kuwa meusi, akivipigilia na chokaa kavukavu, kwa sababu hapo ndipo ufa huzaliwa: fundi mvivu hujaza kwa mchanganyiko mwepesi, unakauka, unasinyaa, na ukuta unashuka unene wa kucha kufuata nafasi hiyo. Nguzo zikaachwa mahali pake kwa siku nyingi. Alipoziondoa alilegeza kabari kidogokidogo kwa mzunguko uleule aliozipigia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitazama plasta ya juu. Haikupasuka hata unywele. Mpaka leo haina ufa, na kila ninapopita mlango huo nainua macho.

Kuta mpya za kugawa zilikuwa kazi nyepesi, lakini hapo pia kulikuwa na jambo ambalo mtu asiyejua angeliona kosa. Hakuung'atisha ukuta mpya ndani ya ule wa zamani. Aliacha mstari ulionyooka kati yao, akaujaza chokaa laini, na kila baada ya kozi kadhaa akalaza mkanda mwembamba wa bati wa kuzishikanisha. Ukuta wa zamani umekwisha kukaa ardhini. Mpya bado utashuka, na ukiwa umeng'ata wa zamani utauvuta na kuurarua. Pia sisi tuko kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 20 Machi 1966 ardhi ya bonde la Semliki ilitikisika, watu zaidi ya 150 wakafa, na wazee wa huku bado wanahesabu umri wa watoto wao wakubwa kwa siku hiyo. Kuta mbili zenye uzito tofauti hazichezi kwa mwendo mmoja ardhi inapocheza. Kiungo laini huziacha zicheze, na mkanda wa bati huzizuia kuanguka.

Kuta hizo alizipandisha kupita dari mpaka kwenye mabati. Mwenye nyumba alitaka ziishie darini ili kuokoa matofali. Atakayeishi kwenye nyumba ya kugawanywa ataelewa kwa nini nashukuru. Ukuta unapoishia darini, kila neno la jirani hupanda, hutembea juu ya mbao na kushuka kitandani kwako: ugomvi wake, maombi yake, deni lake. Moto nao hutembea njia hiyohiyo. Sisi wanne tunaheshimiana kwa sababu hatusikilizani. Tunakutana barzani jioni, tukitaka, na kila mtu huleta kiti chake.

Matofali mapya aliyachagua Bunia mwenyewe, akayateremsha kwa lori. Huko huchomwa kwenye matanuru makubwa ya kupanga, yenye midomo ya kuingizia kuni chini, na kuni nyingi ni za mikaratusi. Tanuru likifunguliwa, ya katikati yameiva, ya pembeni ni ya rangi ya karoti na hubonyea kwa ukucha. Muuzaji huchanganya. Yeye hapakii mpaka ayagonganishe mawili mawili, na hulowesha kila tofali kabla ya kulilaza ili lisifyonze maji ya chokaa. Kijana wake ndiye aliyepiga jointi. Alifanya ya kwanza yakapinda, mzee akayakwangua yote bila kusema kitu, akamrudishia mwiko.

Bafu ndizo zilizochukua mabishano mengi zaidi. Mwenye nyumba alizitaka ndani, pembeni ya kila sebule, na mabomba yafichwe ukutani yasionekane. Fundi alikataa kabisa. Amezijenga nyuma, juu ya msingi wake wenyewe, zimeachana na ukuta wa zamani kwa upana wa mwili wa mtu, na mabomba yote yanapita nje mbele ya macho, ili likivuja moja tulione asubuhi hiyohiyo. Bomba la jirani yangu lilivuja msimu wa mvua uliopita. Liliwekwa kiungo kipya kabla ya saa sita mchana, na ukuta haukulowa.

Sasa ameitwa Bunia, kwenye duka la zamani ambalo wenyewe wanataka kulifanya vyumba vya kupanga. Amekwenda kuliona, amepanda darini, amegonga kuta. Amewaagiza wang'oe saruji ya chini kwanza, halafu wamwite mwezi wa pili.